UKIONA VYAELEA: SIRI YA MICHEZO YA KOMPYUTA YA ISOMETRIKI

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Wao walikuwa na vyombo vya baharini akilini, lakini msemo huu unafaa kabisa tukizungumzia michezo ya kompyuta. Humo mna mawe yanayoelea hewani, ngazi zinazoning'inia bila nguzo, na kijitu kinachoruka kutoka jiwe hili hadi lile. Wengi wetu tukipata simu ya mtu tunabonyeza tu. Ni wachache wanaouliza: Je, picha hii imeundwaje, na mbona inanidanganya macho?

Katika makala haya nitaeleza aina moja tu: michezo ya mafumbo na kurukaruka inayochorwa kwa mtindo wa isometriki. Huu ni mtindo uliovuma miaka ya 1980 na ambao waundaji wa siku hizi wameufufua kwa hiari yao, ingawa mitambo yao ina nguvu ya kuchora vyovyote wapendavyo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba uzuri wa michezo hii na udhia wake vinatoka mahali pamoja.

Isometriki ni nini?

Asili ya neno hili ni Kigiriki, na maana yake ni "kipimo sawa". Mwaka wa 1822, William Farish, profesa wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, aliandika kuhusu namna hii ya kuchora. Yeye alikuwa akiwafundisha wanafunzi kwa mashine zilizounganishwa kwa vipande, na wasaidizi wake walihitaji michoro ya kuwaongoza kuviunganisha.

Katika picha ya kawaida, kitu kikiwa mbali huonekana kidogo. Simama katikati ya reli utazame mbele (treni isiwe karibu, jamani!) na vyuma viwili vitaonekana kana kwamba vinakutana. Picha kama hiyo huwezi kuipima kwa rula. Katika isometriki, kitu hakipungui. Upande wa sanduku ulio mbali huchorwa kwa urefu ule ule wa upande ulio karibu.

Hebu chukua bikari ujaribu mwenyewe. Chora duara, kisha bila kubadilisha kipimo cha bikari uligawe sehemu sita. Unganisha alama hizo upate umbo la pembe sita. Sasa chora mistari mitatu kutoka katikati hadi kwenye pembe, ukiruka pembe moja kila mara. Tazama! Sanduku limekutokea kwenye karatasi. Tazama tena kwa makini, na pale katikati, palipoonekana kama kona ya sanduku iliyokuelekea, pataonekana kama kona ya ndani ya chumba. Mistari ni ile ile. Weka hilo moyoni, maana tutalirudia.

Ufukara uliozaa mtindo

Michezo ya kwanza kutumia picha za upandeupande ilikuwapo mapema, kwa mfano Zaxxon na Q*bert za mwaka wa 1982. Lakini mchezo uliowasisimua watu wengi Uingereza ulikuwa Knight Lore wa mwaka wa 1984. Uliundwa na kampuni iliyoitwa Ultimate Play the Game, ya ndugu wawili, Chris na Tim Stamper. Shujaa wake, Sabreman, amerogwa: usiku ukiingia anageuka nusu mtu, nusu mbwamwitu. Ana siku 40 za kuzunguka ngome akitafuta vitu vya kutia katika chungu cha mchawi ili apone.

Mchezo huo ulitoka kwa kompyuta ya nyumbani iitwayo ZX Spectrum, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48. Picha moja tu iliyopigwa kwa simu ya leo huzidi hapo mara nyingi. Kioo chake kilikuwa na nukta 256 kwa 192. Isitoshe, kioo kiligawanywa katika vijisanduku vya nukta 8 kwa 8, na kila kijisanduku kiliruhusiwa rangi mbili pekee. Kijitu chekundu kikipita mbele ya ukuta wa buluu, rangi zilimwagikiana ovyo.

Ndugu hao walifanya nini basi? Walikipa kila chumba rangi moja tu juu ya weusi. Chumba hiki cha manjano, kile cha kijani. Ulikuwa ufukara wa mashine, lakini matokeo yake yalipendeza kama mchoro wa wino: mistari safi, vivuli vya vitone, na kila jiwe likionekana wazi.

Hila ya pili ilikuwa mpangilio wa kuchora. Kompyuta huchora cha nyuma kwanza, kisha cha mbele juu yake, ndiyo maana Sabreman aliweza kujificha nyuma ya jiwe. Kazi hiyo ilikuwa nzito. Vitu vingi vikisogea kwa pamoja, mchezo wote ulikwenda polepole kama kobe.

Kuna jambo jingine litakalowafurahisha wapenzi wa hesabu. Isometriki halisi hutumia mistari ya nyuzi 30. Kwenye kioo cha nukta, mstari kama huo huwa na meno yasiyolingana. Hivyo wachoraji walizoea kwenda nukta mbili kando na moja juu, wakapata ngazi laini. Chukua kikokotoo utafute pembe ambayo tanjenti yake ni nusu. Utapata nyuzi 26.6. Kumbe, kwa sheria za hesabu, mingi ya michezo hii tunayoiita isometriki siyo isometriki kamili!

Pale macho yanapodanganywa

Sasa turudi kwenye lile umbo letu la pembe sita. Katika mchoro wa isometriki, kupanda juu hatua moja kunaonekana sawasawa na kurudi nyuma hatua moja upande wa kushoto na hatua moja upande wa kulia. Kwa hivyo ukiona jiwe linaelea, huwezi kujua kama liko juu ya kichwa chako au liko chini kule nyuma. Mchezaji anaruka kwa ujasiri, na anaanguka puu!

Dawa ya kwanza ni kivuli. Ukichora doa jeusi sakafuni chini ya kitu, jicho hujua mara moja mahali kilipo. Dawa ya pili ni akili ya mchezaji: asukume meza, asimame juu yake, apime. Hapo ndipo fumbo linapozaliwa. Katika Head Over Heels wa mwaka wa 1987, uliobuniwa na Jon Ritman na Bernie Drummond, kuna viumbe wawili. Head huruka juu sana na kuwagandisha adui kwa kuwarushia donati. Heels hukimbia mbio na kubeba vitu. Wanaanza wakiwa wametenganishwa, na wakikutana mmoja humpanda mwenzake wakawa kitu kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, bwana!

Waundaji wa siku hizi

Mwaka wa 2014, kampuni ya ustwo ya London ilitoa Monument Valley. Waundaji wake hawakuuficha udanganyifu wa isometriki, bali waliufanya kuwa ndio mchezo wenyewe. Unazungusha mnara, na njia mbili zilizokuwa mbalimbali zinaonekana zimegusana. Basi binti mfalme Ida anapita. Walivutiwa na Mholanzi M. C. Escher, ambaye chapa yake ya mwaka wa 1961 huonyesha maji yanayoporomoka kisha yakarudi juu kwa mfereji uleule. Mwaka wa 2016 ukatoka Lumo, ulioundwa kwa heshima ya michezo ya Spectrum: vyumba vya zamani, mwanga wa kisasa.

Wapo wenzetu wasemao kwamba mtindo huu ni uvivu wa kuchora, au ni mambo ya wazee. La hasha! Mgala muue na haki yake mpe. Stamper na wenzake walibanwa na mashine, wakabuni. Hawa wa leo hawabanwi na yeyote, ila wameona kwamba chumba kidogo kinachopimika humfanya mtu afikiri zaidi kuliko uwanja mpana anaoukimbilia bila kuutazama.

Nasi hatuhitaji kompyuta ili kuanza. Chukua karatasi ya hesabu yenye miraba, uchore chumba kimoja kwa kwenda miraba miwili kando na mmoja juu. Weka mlango, meza moja na jiwe moja linaloelea. Mpe rafiki akuambie jiwe liko wapi. Akikosea, mchoree kivuli.