Elimu Kongo: Jina lisipokuwa kwa listi ya DINACOPE

Kwa mwalimu wa shule ya serkali huku Kivu, diploma na darasa havitoshi. Anaweza kufundisha miaka mingi, wazazi wanamjua, watoto wanamsalimia njiani, lakini mwisho wa mwezi hapewi hata franga moja. Sababu: jina lake haliko kwa listi ya DINACOPE.

Ofisi hiyo ilichukua nafasi ya SECOPE, na wengi bado wanaiita kwa jina lile la zamani. Iko chini ya wizara ya elimu. Haifundishi, wala haigawi pesa. Inahakikisha kama shule iko kweli na kama mwalimu yuko kweli, inampa namba ya matrikule, kisha inatayarisha listi ya mishahara. Pesa zinatoka kwa hazina ya serkali na kupitia benki. Vijijini ambako benki haiko, Caritas imekuwa ikilipa. Shule za makanisa nazo zinapita hapo, maana tangu mapatano ya 1977 makanisa yanasimamia na serkali inalipa.

Elimu ya msingi bila malipo, iliyoandikwa kwa kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa mwezi wa tisa 2019. Mbele ya hapo, mwalimu asiye na matrikule aliishi kwa pesa za wazazi. Mlango huo ulifungwa wakati listi haijatengenezwa. Ndipo jina « NU » likazoeleka: walimu wanaofundisha huku wakingoja kulipwa. Kuna mahali wazazi wanachanga tena kimya-kimya, na nani atawalaumu?

Tena listi hiyohiyo imebeba majina ya watu wasiofundisha na shule zisizokuwepo. Mwaka 2021, mahakama ya Kinshasa ilimuhukumu mkurugenzi wa SECOPE pamoja na mkaguzi mkuu wa elimu kwa wizi wa pesa za umma. Kusafisha listi ni lazima, lakini mwalimu wa kweli naye anaweza kufutwa pamoja na wa uongo, na safari ya kurudisha jina ni ndefu.

Kisha, tangu benki zilipofungwa Goma mwezi wa kwanza 2025, hata aliye kwa listi amejua kwamba kuandikwa si kushika mshahara.

Anayeona jina lake limetoka aanzie kwa mkubwa wa shule, halafu ekipe ya DINACOPE ya karibu, akiwa na kopi ya barua ya kazi na ya diploma. Karatasi yenyewe asimwachie mtu.