Sarafu Zenye Sura za Wakubwa

Sarafu za kisiasa za mtandaoni ni tawi la zile zinazoitwa sarafu za mimu, yaani sarafu za kidijitali ambazo bei yake haitokani na kazi yoyote zinayofanya, bali na jina, picha au mzaha ulioenea kwa watu wengi kwa muda mfupi. Huundwa kwa dakika chache juu ya blokucheni ambayo tayari ipo, mara nyingi ile ya Solana, na blokucheni ni daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja bila benki kusimama katikati. Muundaji huchagua nembo na idadi ya sarafu, akaziita jina analolitaka, na jina hilo likiwa la rais au mgombea, mzaha umeingia siasani.

Linalowashangaza wengi ni muda wa maisha ya sarafu hizi, kwa kuwa moja hufa siku ileile ilipozaliwa huku nyingine ikiendelea kununuliwa na kuuzwa baada ya mwaka mzima. Ni muhimu kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mno, kudumu sokoni na kudumu kwa thamani. Sarafu ya kisiasa hubaki hai maadamu mwenye jina ana kitu cha kuwapa wanaoishikilia, na kitu hicho hakimfikii mnunuzi wa Nakaloke, mji mdogo wa Uganda ulio kando ya barabara ya kutoka Mbale kwenda Soroti.

Waganda hawahitaji kufundishwa uhusiano wa sura ya mtawala na fedha. Idi Amin alitoa noti zenye sura yake mwaka 1973, na alipong'olewa mwaka 1979 noti hizo zikaondolewa, kisha katika miaka ya 1980 zikaja nyingine zilizobeba sura ya Milton Obote. Mfumuko wa bei ukazila, hata serikali ya Yoweri Museveni ilipobadili fedha Mei 1987, aliyekuwa na shilingi 100 za zamani alipata shilingi 1 mpya, tena baada ya kukatwa asilimia 30. Wakulima waliokuwa wameweka mauzo ya kahawa yao kwa noti hizo waliumia. Hata hivyo noti hizo, kwa ubaya wake wote, zilikuwa na egemeo: serikali ilizipokea kwa kodi, shule ilizipokea kwa karo, na duka halikuruhusiwa kuzikataa. Sarafu ya mimu haina mahali popote inapolazimika kupokelewa, na hapo ndipo tofauti yote ilipo.

Mfano mkubwa kuliko yote ni sarafu ya TRUMP, iliyotangazwa na Donald Trump tarehe 17 Januari 2025, siku tatu kabla ya kuapishwa. Iliundwa iwe na jumla ya sarafu bilioni 1, ambapo milioni 200 zilipelekwa sokoni mara moja na milioni 800 zikabaki mikononi mwa kampuni mbili, CIC Digital na Fight Fight Fight, ili zifunguliwe kidogokidogo kwa miaka mitatu. Ndani ya siku mbili bei ilivuka dola 70 kwa sarafu moja. Tarehe 19 Januari ilizinduliwa sarafu ya mkewe, MELANIA, na bei ya ile ya kwanza ikaanza kuporomoka, hata mwanzoni mwa Aprili ilikuwa chini ya dola 10.

Kwa kawaida ya sarafu za mimu, huo ungekuwa mwisho. Lakini tarehe 23 Aprili wenye sarafu walitangaziwa kwamba washikaji 220 wakubwa wangealikwa kula chakula cha jioni na rais, na bei ikapanda kwa zaidi ya asilimia 50. Chakula hicho kiliandaliwa tarehe 22 Mei katika klabu ya gofu ya Trump iliyo karibu na jiji la Washington. Tukio hili linaeleza siri ya uhai wa sarafu ya kisiasa kuliko grafu yoyote ya bei, kwa sababu kilichouzwa kilikuwa ukaribu na madaraka, bidhaa ambayo ina wateja wake duniani na ambayo hugawiwa mwenye sarafu nyingi. Mwenye sarafu tano katika simu yake hakununua ukaribu wowote. Alinunua matumaini kwamba atatokea mwingine wa kumlipa zaidi.

Namna matumaini hayo yanavyopotea inafaa kutazamwa kwa karibu. Sarafu hizi mara nyingi huuzwa katika bwawa la ukwasi, yaani akiba ya pamoja yenye pande mbili, upande mmoja sarafu ya mimu na upande wa pili dola za kidijitali, na kanuni ya kawaida ya bwawa ni kwamba idadi za pande hizo mbili zikizidishwa jibu lisibadilike. Tuseme bwawa lina sarafu 1,000 na dola 1,000, kwa hiyo bei inayoonekana ni dola 1. Mtu wa kwanza akiuza sarafu 1,000, bwawa linabaki na sarafu 2,000 na dola 500, naye anaondoka na dola 500, si 1,000. Wa pili akija na sarafu 1,000 zake anapata dola kama 167 tu. Simu za wote wawili zilionyesha dola 1,000 asubuhi hiyo. Gunia la kahawa bei ikishuka bado lina kahawa ndani yake. Namba iliyokuwa kwenye kioo cha simu haikuwahi kuwa mali mpaka pale mtu alipoiuza, na aliyewahi kuuza ndiye aliyeila.

Barani Afrika kielelezo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi iliyoifanya bitcoin fedha halali mwaka 2022 na baadaye ikarudi nyuma. Februari 2025 Rais Faustin-Archange Touadéra alitangaza kupitia akaunti yake ya X sarafu iliyoitwa CAR, akaieleza kuwa jaribio la kuwaunganisha watu na kuisaidia nchi. Kwa saa chache thamani ya jumla ya sarafu hizo sokoni ilifika mamia ya mamilioni ya dola, kisha ikaanguka, na wapo walioshuku kama video ya rais ya kuitangaza ilikuwa ya kweli. Siku chache baadaye, tarehe 14 Februari, Rais Javier Milei wa Argentina aliisifu sarafu ya LIBRA, ambayo ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya bei yake ndani ya saa chache, naye akaufuta ujumbe wake. Hapa hapakuwa na karamu wala mlango wa kuingilia ikulu. Yalipokwisha maneno ya rais, sababu ya kununua nayo ilikwisha.

Wapo pia waundaji wasiomhitaji mkubwa mwenyewe. Mwezi huohuo wa Februari 2025 akaunti ya X ya mfanyabiashara wa Tanzania Mohammed Dewji ilidukuliwa na kutumiwa kunadi sarafu iliyopewa jina la nchi hiyo. Jina la nchi na sura ya mtu anayeaminika vilitosha kuwavuta wanunuzi kabla ya onyo kutoka.

Uganda ina makovu yake ya sarafu za ulaghai. OneCoin, ambayo mwanzilishi wake Ruja Ignatova alitoweka mwaka 2017, iliuzwa hadi vijijini ingawa haikuwa na blokucheni yoyote, na Dunamiscoins ilifunga ofisi zake Desemba 2019 ikawaacha walioweka fedha wakihangaika polisi. Tofauti ni kwamba ulaghai ule ulihitaji mawakala, mikutano na ofisi, hivyo palikuwa na mlango wa kuubisha na mtu wa kukamatwa. Sarafu ya mimu humfikia mtu moja kwa moja kwenye simu, na aliyeiunda aweza asijulikane kamwe.

Benki Kuu ya Uganda ilizikataza kampuni za malipo, Aprili 2022, kusaidia ubadilishaji wa sarafu za kidijitali kuwa pesa za simu, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kulitengua katazo hilo. Lengo la kuwakinga wananchi ni jema, na ni vigumu kulilaumu baada ya yaliyotokea. Lakini biashara haikukoma. Ilihamia kwa watu wanaouziana wao kwa wao, ambapo mnunuzi humtumia asiyemjua shilingi zake kwa simu kama anavyomtumia ndugu, na muamala ukiharibika hana ofisi ya kupeleka malalamiko kwa kuwa alichokuwa akinunua hakitambuliwi. Anayestahili kinga zaidi ndiye aliyebaki nje yake.

Sarafu ya TRUMP bado inauzwa, na zile milioni 800 za kampuni mbili zilipangiwa kufunguliwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2028. Kila fungu linalofunguliwa ni sarafu ambazo wenyewe hawakuzinunua, na zikipelekwa sokoni zitalipwa kwa dola zilizowekwa bwawani na watu wengine, miongoni mwao wale waliouza gunia la kahawa ili waingie.