Sokwe wa kompyuta, vita vya Gombe, na wewe mtazamaji

Ukitaka kuanzisha ubishi kwa watu walioiona Dawn of the Planet of the Apes, uliza swali moja tu: wale sokwe walikuwa "kweli" au hawakuwa? Utapata majibu mpaka uchoke. Mmoja atasema sokwe wameigiza kuliko watu. Mwingine atasema picha ni kali lakini hadithi imetiwa chumvi, kwani lini umesikia wanyama wanapanga vita? Wa tatu atakuuliza wanaongeaje wakati sokwe hana koo la kuongelea.

Kama hukuiona au umeisahau: ilitoka Julai 2014, ikaongozwa na Matt Reeves, na ni muendelezo wa filamu ya 2011. Virusi vilivyotoka maabara vimeua sehemu kubwa ya binadamu. Miaka kumi baadaye, sokwe wenye akili nyingi wanaishi msituni karibu na San Francisco chini ya kiongozi wao Caesar. Watu wachache waliobaki mjini wanataka kufufua bwawa la umeme lililoko kwenye eneo la sokwe hao. Caesar anataka amani. Msaidizi wake Koba, ambaye mwili wake umejaa makovu ya maabara, anataka vita. Iliingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani, kwa hiyo wenye maoni ni wengi.

(Halafu jamani, tuache kuiita "ile muvi ya manyani". Nyani ana mkia, sokwe hana. Caesar ni sokwe mtu, Koba ni bonobo, na Maurice yule mwenye nywele nyekundu ni orangutani. Kwenye makala hii nikiandika "sokwe" peke yake namaanisha sokwe mtu, wale wa Gombe na Mahale.)

Mimi naona watazamaji wengi tumegeuza mambo. Yale tunayoyasifu kwamba ni ya kweli hatuna uwezo mkubwa wa kuyapima, na lile tunalolipinga kwa sauti kubwa, la vita, ndilo lenye ushahidi mzito. Tena ushahidi wenyewe ulianzia Kigoma.

Tuanze na sura. Wale sokwe hawakuchorwa tu kwenye kompyuta kama katuni. Caesar ni Andy Serkis, na Koba ni Toby Kebbell. Waigizaji walivaa nguo za kubana zenye alama za kunasa mwendo, na mbele ya uso wa kila mmoja kulikuwa na kamera ndogo inayorekodi kila mkunjo wa shavu na nyusi. Sehemu kubwa ilipigwa nje, ikiwemo kwenye misitu halisi ya magharibi mwa Canada, kwenye mvua na matope, siyo studio. Baadaye wataalamu wa Weta Digital kule New Zealand wakamvua Serkis ngozi yake, tuseme hivyo, na kumvalisha Caesar.

Hapo ndipo penye kazi, maana mwili wako na wa sokwe havilingani. Ukipima mifupa mirefu ya mkono na ya mguu, bila kiganja na bila wayo, mkono wa binadamu ni kama asilimia 70 ya mguu wake. Wa sokwe ni kama asilimia 106. Ndiyo maana waigizaji walipotembea kwa miguu minne walishika vigongo vifupi vya kurefusha mikono. Uso ni taabu nyingine. Misuli ya uso wa sokwe inafanana sana na yetu, lakini taya lake limetokeza mbele, pua haina mfupa uliosimama, na paji lina ukingo mnene. Huzuni ya Serkis ikihamishwa kama ilivyo inaweza kutoka kama kichefuchefu. Lazima mtu akae aamue: je, nyusi zipande kiasi gani ili mtazamaji aelewe? Ndiyo sababu Serkis aliposema teknolojia hii ni kama vipodozi vya kidijitali, wachoraji wengi wa filamu walikasirika, na mimi nawaelewa. Vipodozi havifanyi maamuzi.

Sasa, kwa nini tunaamini? Sehemu ya jibu ni ufundi, sawa. Mwanga kwenye ngozi ya Caesar hauishii juu, unaingia kidogo ndani na kutawanyika kabla ya kutoka, kama unavyofanya kwenye sikio lako ukisimama juani. Manyoya yanalowa, yanashikana. Lakini sehemu nyingine ya jibu iko kichwani mwetu. Mwaka 2002 Olivier Pascalis na wenzake walichapisha jaribio ambalo nalipenda sana. Waliwaonyesha watoto wachanga picha za sura za watu na sura za kima. Watoto wa miezi sita waliweza kutofautisha kima mmoja na mwingine. Watoto wa miezi tisa hawakuweza, na watu wazima nao hawakuweza. Yaani ubongo unaanza ukiwa wazi kwa sura za kila namna, halafu unabobea kwenye sura unazokutana nazo kila siku na kuziachia nyingine.

Fikiria maana yake ukiwa umekaa mbele ya skrini. Sura ya mtu iliyotengenezwa na kompyuta ikikosea hata kidogo, unaguna. Masahiro Mori alieleza hali hiyo mwaka 1970 akizungumzia roboti: kinachokaribia kufanana na mtu bila kufika kinatutia kinyaa. Lakini kwa sokwe huna jicho hilo. Unamhukumu mgeni. Aliyekaa miaka 20 akiwafuata sokwe mlimani Kigoma angeona kasoro ambazo mimi na wewe tunazipita tukipiga makofi.

Chukua tabasamu. Sokwe akionyesha meno yote, ya juu na ya chini, mara nyingi anaogopa au anajisalimisha. Akiwa anacheza na kufurahi, huachia mdomo wazi huku mdomo wa juu ukiyafunika meno ya juu. Kwa hiyo yule sokwe wa kwenye matangazo, amevaa tai na kukenua mpaka kwenye masikio, uwezekano mkubwa hachekeshwi na kitu. Mara nyingi ni mtoto, maana sokwe mzima ana nguvu na si rahisi kumwendesha. Na picha za namna hiyo zina gharama: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Steve Ross na wenzake nchini Marekani ulikuta watu 95 kati ya 100 wanajua gorila yuko hatarini kutoweka, lakini kwa sokwe mtu ni 66 tu. Sababu iliyotajwa sana ni kwamba sokwe wanaonekana kila mahali kwenye televisheni na matangazo, kwa hiyo watu wanadhani wapo tele.

Ndiyo maana naipa filamu hii alama kubwa kwa jambo ambalo watazamaji wengi hawalitaji: hakuna sokwe hai hata mmoja aliyetumika. Na kuna tukio moja ambalo kama uliliona kama kichekesho tu, lirudie. Koba anawakuta watu wawili wenye silaha. Anajifanya sokwe wa sarakasi: anabinua midomo, anaviringika, anakenua. Wanacheka, wanamzoea, na dakika chache baadaye wamekufa. Koba anajua binadamu wanamtaka afananeje, na anawapa hicho hicho.

Twende kwenye vita. "Sokwe hawapigani vita, hizo ni tabia za watu wamebandikwa." Hivi ndivyo hata wanasayansi wengi walivyoamini zamani. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na kwa zaidi ya miaka kumi picha aliyoipata ilikuwa ya wanyama wapole kwa ujumla. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamii aliyokuwa akiifuatilia ikagawanyika: Kasakela wakabaki kaskazini, na kundi dogo likahamia bonde la Kahama kusini. Januari 1974 madume wa Kasakela walivuka mpaka kimya kimya wakamkuta dume wa Kahama aitwaye Godi akila peke yake. Walimshika, wakamkandamiza chini, wakampiga na kumng'ata kwa takriban dakika kumi. Aliyeshuhudia ni Hilali Matama, Mtanzania, mmoja wa wafanyakazi wakongwe wa utafiti pale Gombe. Godi hakuonekana tena. Ndani ya miaka minne madume wote wa Kahama walikuwa wameuawa au kutoweka. Na hawakuwa wageni kwa wauaji wao. Walikua pamoja, walichambuana manyoya pamoja.

Wapo waliosema lawama ni za binadamu, kwa sababu kambini Gombe sokwe walikuwa wakipewa ndizi, na ndizi zikaleta ugomvi. Hoja nzuri, na inafanana kabisa na anayoisema Koba, kwamba ubaya wote umetoka kwa watu. Jibu lake kubwa lilitoka Septemba 2014, miezi miwili tu baada ya filamu. Michael Wilson na wenzake wengi walikusanya kumbukumbu za jamii 18 za sokwe na 4 za bonobo kutoka vituo mbalimbali vya Afrika. Kwa sokwe walipata mauaji 152, mengine yaliyoshuhudiwa na mengine ya kukisiwa kutokana na ushahidi. Mauaji hayakuongezeka pale ambapo binadamu wameingilia zaidi. Yalienda na idadi ya madume na msongamano. Kule Ngogo, Uganda, ambako sokwe hawakulishwa ndizi, jamii moja iliua majirani zake kwa miaka kumi na mwishowe ikapanua eneo lake kwa karibu asilimia 22. Wapo wanaobisha mpaka leo, lakini kusema "sokwe hawaui" haiwezekani tena.

Hata hivyo mtazamaji mbishi ana nusu ya haki yake. Sokwe halisi ni waoga wa hasara. Wanavizia wakiwa wengi dhidi ya mmoja, na wakisikia sauti nyingi upande wa pili wanageuza. Kuvamia ngome yenye bunduki ukiwa juu ya farasi ni mbinu za kwetu. Kuhusu farasi sina utetezi wowote.

Na kumfanya bonobo kuwa mkorofi? Wengi walilalamika, maana bonobo, ambao wanaishi Kongo tu, kusini mwa mto, wanajulikana kwa upole. Hata mimi nilikuwa upande huo mpaka utafiti wa Maud Mouginot na wenzake ulipotoka mwaka 2024. Walilinganisha madume wa bonobo wa Kokolopori na madume wa sokwe wa Gombe, wakakuta bonobo wanagombana wao kwa wao karibu mara tatu zaidi. Tofauti ni kwamba ugomvi wao ni wa mmoja kwa mmoja. Hawaungani kwenda kuua jirani. Yaani Koba anayempiga mtu ngumi anaaminika. Koba anayekusanya jeshi ndiye wa kubuni.

Suala la kuongea nitalipitia haraka. Tatizo la sokwe si koo. Mwaka 2016 timu ya Tecumseh Fitch ilipima njia ya sauti ya kima na kukuta inaweza kutoa sauti za kutosha kwa lugha. Kinachokosekana ni ubongo wa kuiendesha. Ishara ni habari nyingine. Watu zaidi ya 5,500 walioonyeshwa video za ishara za sokwe na bonobo mwituni walipatia maana zaidi ya nusu ya mara, bila mafunzo yoyote. Ndiyo maana hata ukiiangalia kibanda umiza, mtafsiri akifunika kila kitu kwa sauti yake, Maurice bado anaeleweka.

Limebaki jambo ambalo sijamsikia mtazamaji analibishia, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Kwenye filamu, waathirika wanauita ugonjwa "mafua ya sokwe" ingawa ulitengenezwa na watu. Kwetu huku safari ya ugonjwa ni hiyo hiyo. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipooza kwa polio wakati ugonjwa huo ulikuwa umewapata watu wa eneo hilo. Mwaka 2006 kule Mahale kundi la sokwe lilianza kukohoa na kutoka makamasi. 12 walikufa au kutoweka, na vipimo vikaonyesha virusi vya njia ya hewa vya binadamu. Kwa mtu ni mafua ya siku chache. Kwa kundi la sokwe kama 65, ni msiba.

Kwa hiyo ukienda Mahale, miaka mingi kabla ya Uviko mgeni alikuwa akipewa barakoa kabla ya kuwaona sokwe. Unakaa umbali wa mita 10, na ukiwa na kikohozi unabaki kambini, hata kama umeshalipa.