Vijana Wafundishao Watoto Baada ya Shule

Mahali pengi watoto hutoka shule alasiri, na baba na mama wangali kazini. Saa zile mbili tatu kabla ya giza hazina mwenyewe. Kwa sababu hiyo makanisa mengine huwakusanya watoto hao, na vijana waliomaliza masomo, au wanaojifunza ualimu, huja kuwasomesha na kuwachezesha pasipo mshahara. Lakini wako wazazi wanung'unikao, wakisema, "Mwanangu amesoma, naye apoteza siku zake kwa watoto wa watu." Kwa ajili ya wazazi hao, na kwa ajili ya vijana wenyewe, twapenda kusimulia habari za binti mmoja wa Marekani.

Kwanza yafaa tueleze kazi hii ilivyoanza huko. Mwaka 1884, katika upande wa mashariki wa mji wa London penye umaskini mwingi, kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianzisha nyumba iitwayo Toynbee Hall. Vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walikuja kukaa humo, wapate kuwa majirani wa maskini, wala si wageni wa kupita. Wamarekani wakaiga. Mwaka 1889 wanawake waliosoma vyuoni walifungua nyumba ya namna hiyo katika Mtaa wa Rivington, mjini New York, katikati ya maskini waliohamia kutoka Ulaya. Kisha mwaka 1901 binti wa miaka 19, Mary Harriman, mtoto wa tajiri mkubwa wa reli, aliwakusanya mabinti wenzake wa nyumba za kitajiri ili wasaidie kazi za nyumba kama hizo. Chama chao kikaitwa Junior League.

Katika chama hicho aliingia Eleanor Roosevelt. Alizaliwa mwaka 1884. Mama yake alikufa mwaka 1892, na baba yake mwaka 1894, hata akawa yatima kabla ya kutimiza miaka kumi. Bibi yake alimlea, akampeleka kusoma Uingereza. Aliporudi, jamaa zake walimtazamia kwenda karamuni kama mabinti wengine wa daraja yake. Karamuni alikwenda, lakini pia alikwenda Mtaa wa Rivington, akawafundisha watoto mazoezi ya viungo na dansi, na mwenziwe akiwapigia kinanda. Hakuna katika wawili hao aliyefundishwa kazi ya ualimu. Walijua tu yale waliyojifunza wenyewe walipokuwa shuleni.

Mwenziwe mara nyingi alikuja kwa gari la farasi. Eleanor alipanda tramu au treni ya mjini kama watu wote, kisha akatembea kwa miguu. Njia ile ilimtia hofu: mitaa ilikuwa michafu imejaa watu, na jioni, alipongoja tramu, aliona walevi wakitoka vilabuni. Lakini hakuacha kwenda, kwa kuwa watoto wale walimvuta moyo. Siku moja mtoto mmoja alimwambia kwamba baba yake ataka mwalimu aje kwao, apewe zawadi, kwa kuwa binti yake alifurahia sana mafundisho. Miaka mingi baadaye, alipoandika habari za maisha yake, Eleanor alilikumbuka neno lile kwa furaha. Alikuwa amekwenda kutoa, naye akapewa heshima na mtu maskini.

Tena siku moja Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa mumewe, alimfuata huko. Mtoto mmoja alikuwa mgonjwa, nao wakampeleka kwao. Franklin alipoiona nyumba ile ya kupanga alishangaa, maana hakupata kuona watu wakikaa hivyo. Kijana huyo alikuwa Rais wa Marekani tangu 1933 hata 1945. Naye Eleanor aliongoza kamati ya Umoja wa Mataifa iliyotunga Tangazo la Haki za Binadamu, lililokubaliwa tarehe 10 Desemba 1948. Hatusemi kwamba mambo hayo yote yalitoka katika darasa lile dogo. Twasema tu kwamba wenye cheo hawawezi kuwahurumia watu wasiopata kuwaona.

Walakini habari hii ina upande wa pili. Eleanor alipoolewa mwaka 1905, mama mkwe wake aliogopa kwamba ataleta nyumbani maradhi ya mitaa ile, naye akaiacha kazi. Wakubwa waliogopa, na watoto wakapotewa na mwalimu wao.

Basi twaomba mambo matatu. Ninyi vijana, kumbukeni kwamba ahadi ni deni. Mtoto aliyeachwa na wengi hukuhesabia siku. Ukija leo na kesho usionekane, umemwongezea jeraha. Afadhali siku moja katika juma, isiyokosa, kuliko siku tano za juma la kwanza tu. Ninyi walimu na wazee wa kanisa, msimwache kijana peke yake na watoto. Mpeni mwenziwe, mfundisheni kazi, tena wekeni mwingine tayari kushika mahali pake atakapoondoka. Nanyi wazazi, msiwazuie wana wenu kwa hofu tu. Kama ni maradhi, wafundisheni usafi. Kama ni giza la njiani, nendeni mkawapokee.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana aliyekuja kuwatazama watoto wetu, na apewe jembe, alime pamoja nasi. Na Bwana aliyewapokea watoto wadogo awatie nguvu wote wawapokeao kwa jina lake.