Vijitonge Vichache: Kula Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Jamaa wa mtu aliyepasuliwa huogopa kidonda. Huuliza kimefunga au bado, kina usaha au hakina, mishono itatolewa lini. Kwa mwanamke aliyepasuliwa tumbo ili apunguze uzito, kidonda cha nje ndilo jambo jepesi kuliko yote. Siku hizi madaktari huingiza vyombo vyao kwa vitundu vichache vidogo, na ngozi hufunga baada ya majuma machache. Kazi ngumu humngoja jikoni na mkekani, nayo ni kula.

Upasuaji huu tuliokuwa tukiusikia katika habari za ng'ambo sasa hufanywa hapa Kenya, hasa katika hospitali kubwa za Nairobi, na duniani kote wanawake ndio wengi wanaouendea. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008-09 ulikuta kwamba asilimia 25 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2014 ukakuta asilimia 33. Si kila mnene hupasuliwa. Madaktari huangalia uzito ukilinganishwa na kimo, na maradhi yanayofuatana nao kama kisukari na shinikizo la damu, na wengi wanaokubaliwa ni wale ambao unene umekwisha kuwa ugonjwa. Kwa hiyo maneno ya barazani kwamba fulani kaenda kukatwa ili avae dira inayombana, yafaa tuyaache hapo hapo barazani.

Aliyepasuliwa Nairobi hurudi kwao, na kwao huenda kukawa mbali. Natumchukulie mwanamke mzaliwa wa Mombasa aliyemfuata mumewe kazini Kiambere, huko Embu, upande wa Mbeere. Pana bwawa la umeme lililoanza kazi 1988, chini ya mabwawa mengine ya Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Maji yapitayo pale ndiyo yashukayo Garissa na Hola mpaka yakaingia katika bahari yetu huku Kipini. Nchi yenyewe ni ya joto na ukavu. Watu hulima mtama, mawele, pojo na kunde, hufuga mbuzi na nyuki, na huvua samaki bwawani. Mama yake mzazi yuko pwani. Daktari aliyempasua yuko Nairobi. Hospitali ya rufaa iliyo karibu iko Embu mjini, nako ni safari. Siku nyingi zitakuwa zake yeye, mumewe, na yeyote aliyekuja kumsaidia, tuseme mama mkwe. Hao ndio wapaswao kujua.

Wajue kwanza kilichofanyika ndani. Upasuaji ulio maarufu zaidi huondoa robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi, likabaki bomba jembamba mfano wa mkono wa kanzu. Ujazo wake mwanzoni ni kama mililita 100 hadi 150, yaani finjani mbili za kahawa. Aina ya pili huacha kifuko kidogo zaidi, cha mililita 30 hivi, kisha kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita pembeni ya sehemu kubwa ya tumbo na ya mwanzo wa utumbo. Kwa njia zote mbili, ndani mna mishono mibichi inayohitaji majuma kadhaa kupona, wala hakuna jicho la jamaa liwezalo kuiona.

Ndiyo sababu chakula hurudi kwa daraja. Siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa, kwa funda ndogo ndogo. Mpaka mwisho wa juma la pili huongezwa maziwa na vinywaji vizito kidogo. Kiasi cha juma la tatu na la nne huja vyakula vilivyopondwa laini kabisa, kisha vyakula laini, na chakula cha kawaida hungoja hadi miezi miwili hivi. Hospitali hutofautiana kwa siku kadhaa, basi ratiba aliyopewa mgonjwa na daktari wake ndiyo ya kubandikwa ukutani jikoni.

Katika nafasi ya finjani mbili, chakula cha kutangulia ni chenye protini, kwa kuwa bila hiyo mwili hula misuli yake wenyewe. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha robo lita ya maziwa gramu 8, pojo zilizopikwa gramu 7 katika kila gramu 100, na samaki gramu 20 katika kiasi hicho hicho. Hesabu hiyo inaonyesha samaki wa bwawani ana thamani gani, akichemshwa, akachambuliwa miba yote na kupondwa pamoja na mchuzi wake. Pojo nazo zikiiva mpaka zikavunjika, zikapitishwa kwenye chujio, huwa rojo ambalo hata mama mkwe hatalionea haya kulipakua. Samaki wa kupaka angoje. Tui zito lina mafuta mengi, na tumbo jipya mara nyingi hulikataa.

Namna ya kula nayo hubadilika. Tonge liwe dogo kama kucha ya kidole gumba, litafunwe mpaka liwe uji, na lingine lisubiri kwanza. Mlo mdogo huchukua dakika 20 hadi 30. Maji hayanywewi pamoja na chakula; huachwa mpaka nusu saa ipite baada ya kula, kwa kuwa hakuna nafasi ya vyote viwili. Hapa ndipo penye mtego katika joto la Kiambere. Mtu asiyeweza kugida bilauri nzima anatakiwa afikishe lita moja na nusu kwa siku kwa funda tu, na akisahau kwa saa chache hukaukiwa. Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa za kurudishwa hospitali katika majuma ya kwanza. Mkojo wa rangi ya chai na kizunguzungu akisimama ni dalili za kutopuuzwa. Chupa ya maji iwe kando yake, hata akiwa juu ya mswala.

Sasa tuje kwenye sinia. Kwetu mapenzi hupimwa kwa tonge. Mgeni husukumiwa mnofu, mtoto hulishwa, na asiyekula hudhaniwa ana kinyongo.

"Kula, mwanangu, hujala kitu."

"Nimeshiba, mama, alhamdulillah."

"Umeshiba nini? Vijiko vitatu?"

Naam, vijiko vitatu. Na mkwe huyo, kwa adabu, atakula cha nne, na cha nne ndicho kitakachorudi. Afadhali awekewe kisahani chake mwenyewe mpaka tumbo litulie, si kwa kumtenga, bali kwa kuwa kwenye sinia mikono ya wengine humharakisha, wala hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kuona ajabu uchache huo. Hadithi aliyoipokea Al-Miqdam bin Ma'dikarib, iliyomo katika mkusanyo wa At-Tirmidhi, inatufundisha kuwa mwanadamu hutoshelezwa na vijitonge vichache vya kuunyoosha mgongo wake. Wengi wetu tunaijua na kuisimulia, kisha tunampakulia mtu mara ya tatu.

Vipo vyakula vinavyokwama: chapati, mahamri, mkate mweupe, wali mkavu, nyama ngumu, kifua cha kuku kilichokauka. Kinapokwama, mgonjwa huhisi mkazo katikati ya kifua, mate mengi yenye povu humjaa kinywani, na hapati nafuu mpaka kishuke au kirudi. Asisukumie kwa maji. Ainuke, atembee polepole, angoje. Tukio la namna hiyo mara moja moja, hasa baada ya tonge kubwa au haraka, ni somo tu.

Kutapika kila siku ni habari nyingine, na ningependa kila msomaji akumbuke jambo hili hata akisahau mengine yote. Zipo nyumba ambamo mgonjwa hutapika kwa majuma, naye hunyamaza, akiamini ndiyo bei ya kupungua. Kilo zinashuka upesi, majirani wanamsifu, wifi zake wanauliza siri. Sifa hizo humfunga mdomo. Lakini mwili hauna akiba kubwa ya vitamini B1. Majuma mawili au matatu ya kutapika yaweza kuimaliza, na ikiisha, ubongo na mishipa ya fahamu hudhurika. Mtu huanza kuyumba anapotembea, huona vitu viwili viwili, macho hutikisika, huchanganyikiwa na kusahau. Jamaa wanaweza kudhani ni uchovu, au jini. Matibabu yakichelewa, madhara mengine hayarudi nyuma.

Basi akitapika kwa siku mbili mfululizo, au akishindwa kushika hata maji kwa siku moja, apelekwe hospitali. Mkifika zahanati yoyote njiani, semeni kwa maneno wazi: huyu amepasuliwa tumbo kupunguza uzito, na hajashika chakula tangu siku kadhaa, tunaomba apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya maji ya glukosi. Sukari ikitangulia mshipani, huitumia ile B1 kidogo iliyosalia na hali huzidi. Mhudumu wa zahanati ndogo huenda hajapata kumwona mgonjwa wa namna hii, wala si kosa lake. Kwa hiyo barua ya hospitali ieleze aina ya upasuaji, nayo isafiri na mgonjwa kila aendako. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kukosa pumzi au mguu mmoja kuvimba katika majuma ya kwanza havingoji kupambazuke.

Utamu nao una hila zake, hasa kwa aliyepasuliwa kwa njia ya pili. Sukari nyingi ikiteremka ghafla katika utumbo mwembamba, huvuta maji, na baada ya dakika 10 hadi 30 mtu hutokwa na jasho, moyo humdunda, tumbo humsokota akaharisha. Wengine hupatwa baada ya saa moja hadi tatu, sukari ya damu inaposhuka mno, wakatetemeka na kuona giza. Halwa na kaimati kila mtu atazishuku. Asali haishukiwi, maana ni dawa tuliyoisoma katika Qur'ani, na Mbeere ni nchi ya asali. Jirani mwema huenda akamletea chupa nzima. Ipokelewe kwa shukrani, ipewe watoto. Tende ya kufuturia nayo iwe nusu, na ijaribiwe siku isiyo ya safari.

Funga yenyewe ni ya kuulizia mapema. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mtu anayehitaji kunywa funda mchana kutwa ili asikaukiwe hana sababu ya kujishindanisha na wenye afya, na madaktari wengi hushauri asifunge katika miezi ya mwanzo, wengine mwaka mzima. Daktari aseme juu ya mwili, sheikh aseme juu ya kulipa. Wapo pia wanaoacha kusali kwa wakati kwa kudhani kila kutapika kumevunja udhu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, tunayoyafuata wengi wetu pwani, matapishi ni najisi ya kuoshwa mdomoni na nguoni, lakini hayatengui udhu. Na aliyefunga akatapika bila kukusudia, funga yake ipo.

Baada ya miezi mitatu hivi nywele huanza kukatika, mwanamke akalia mbele ya kioo kuliko alivyolia wodini. Mara nyingi huota tena, ikiwa protini, madini ya chuma na vitamini havikosekani. Vidonge hivyo ni vya maisha: B12, chuma, kalisiamu, vitamini D, pamoja na kipimo cha damu kila mwaka. Kalisiamu na chuma visimezwe kwa wakati mmoja, maana moja huizuia nyingine. Vidonge vyenye ganda laini huenda vikatengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, basi aulize dukani apewe vya unga uliokandamizwa. Dawa za maumivu kama Brufen na diklofenaki, ambazo kila duka la dawa huuza bila maswali, zaweza kutoboa vidonda katika tumbo lililokatwa. Akiumwa kichwa atumie Panadol. Na aliyekuwa akijidunga insulini asiendelee na kipimo cha zamani, kwani sukari yake huenda ikateremka tangu juma la kwanza.

Limebaki la mume na mke. Wanawake waliokaa miaka bila kushika mimba kwa sababu ya uzito huweza kuishika upesi mno baada ya kupungua, wakati mwili hauna akiba ya kumlea mtoto tumboni. Madaktari hushauri wangoje miezi 12 hadi 18. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifyonzwe vyema kwa aliyepasuliwa kwa njia ya pili, na aliyezoea kuvitegemea anahitaji njia nyingine. Mazungumzo hayo yafanywe kabla ya siku ya upasuaji, wote wawili wakiwa mbele ya daktari, mume akiuliza na yeye pia.