Je, Wajua? Sauti Isiyopungua kwa Kusikilizwa

Tumchukulie khatibu amesimama katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, kipaza sauti kikiwa karibu na kinywa chake, akiwahutubia watu waliojaa mpaka safu ya nyuma kabisa, hatua thelathini kutoka alipo yeye. Na hotuba hiyo ikirushwa papo hapo kwa redio hata kumfikia mvuvi wa Kigoma, anayefuma nyavu zake ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ukumbini. Kati ya wawili hao, yule wa safu ya nyuma na huyu mvuvi mwenye redio ubavuni, ni nani atakayelisikia neno mwanzo? Wengi wetu tutajibu upesi, na jibu letu litakuwa kosa. Kwani sauti hewani huenda takriban mita 340 tu kwa sekunde, ilhali wimbi la redio huenda kilomita 300,000 kwa muda huo huo, hata neno linapotua Kigoma, lile lililochukuliwa na hewa ya ukumbi huwa halijatembea mita mbili kutoka kinywani mwa mwenye kulisema. Mvuvi ndiye asikiaye kwanza.

Ajabu ya pili ni kubwa kuliko hiyo, ingawa kwa mazoea hatuitambui tena. Mvuvi yule afunguapo redio yake hampunguzii mtu chochote. Na wakifungua wenziwe mia, au laki, tangu Kigoma hata Pemba, mnara wa kurushia matangazo hautoi nguvu zaidi ya zile uliokuwa ukizitoa kwa msikilizaji mmoja, wala gharama ya mwenye kituo haizidi hata senti, kwa sababu wimbi likishatoka mnarani huenea pande zote kama mwanga wa mnara wa taa wa bandarini, unaowaongoza nahodha mmoja na manahodha hamsini kwa mafuta yale yale. Sifa hii, ya sauti isiyopungua kwa kusikilizwa, ndiyo iliyoifanya redio kuwa redio. Na leo, matangazo yanapohamia mtandaoni, yafaa tuifahamu sawasawa, ili tujue tunachokipata na tunachokiacha.

Redio ilikuwa hisabu kabla ya kuwa chombo. Katika miaka ya 1860 mwanachuoni wa Scotland, James Clerk Maxwell, alionyesha kwa hisabu kwamba umeme na sumaku vikitikisana lazima vizae mawimbi yaendayo kwa kasi ya mwanga. Heinrich Hertz, Mjerumani, akayatoa mawimbi hayo kwa cheche za umeme katika maabara yake mjini Karlsruhe, baina ya mwaka 1886 na 1888. Na Mtaliana Guglielmo Marconi, akiwa Newfoundland, akatangaza kwamba tarehe 12 Disemba 1901 alizipokea nukta tatu za herufi S, zilizorushwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Walakini hiyo ilikuwa simu ya upepo, yenye nukta na vistari, haikuwa bado sauti ya mwanadamu. Wimbi tupu ni kama jahazi lisilo shehena: lasafiri, lakini halina liletalo. Mafundi wakajifunza kulipakia kwa kuufanya ukubwa wake upande na kushuka kwa kufuata mtikisiko wa sauti ya msemaji, na chombo cha msikilizaji kikapewa kazi ya kuipakua shehena hiyo na kuliacha jahazi liende zake. Redio za mwanzo zilifanya upakuzi huu kwa kipande cha jiwe la galena kilichoguswa kwa ncha ya waya mwembamba, bila betri wala umeme wa ukutani. Nguvu iliyotikisa kisikilizio cha masikioni ilikuwa ile ile iliyokuja na wimbi kutoka mnarani, kidogo mno, lakini ya kulitosha sikio lililotulia.

Ili sauti hiyo ijaze chumba, ilihitaji kukuzwa, na hapo ndipo zilipoingia zile taa za kioo ambazo mafundi waliziita valvu. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza ya kwanza mwaka 1904, na mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza ndani yake kiungo cha tatu, mfano wa wavu mdogo wa waya, ambao badiliko dogo la umeme juu yake huleta badiliko kubwa katika mkondo unaopita, kama vile mkono wa mtoto uwezavyo kufunga na kufungua bomba la maji mengi. Redio ya valvu haikuwa na haraka. Ilipofunguliwa ilikaa kimya kitambo, mpaka nyuzi zilizomo katika taa zipate moto na kung'aa rangi ya kaa la jiko, ndipo sauti ikapanda polepole kama ya mtu ajaye kutoka mbali, na harufu ya vumbi lililopashwa moto ikatoka nyuma ya sanduku la mbao.

Ubora wa valvu ulikuwa na taabu yake, nayo ni kiu ya umeme; na mahali pasipo umeme, redio ya namna hiyo ilikuwa chombo cha matajiri. Kwa hiyo yafaa kukumbuka kilichofanyika mwaka 1949 katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, ambako mkuu wa idara ya habari mjini Lusaka, Harry Franklin, alikishawishi kiwanda cha betri cha Uingereza, Ever Ready, kitengeneze redio ndogo ya valvu nne, ya betri, kwa bei ya pauni tano. Na sanduku la kuitilia likapatikana kwa kuchukua sufuria lisilo mpini. Redio hiyo ikajulikana kwa jina la sufuria, na betri yake moja ilidumu kiasi cha saa 300. Kwa umbo lile lile la chombo cha kupikia, redio ikashuka kutoka sebule za wachache ikaingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Huku kwetu, matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, Dar es Salaam ikafuata mwaka 1951, na tarehe 27 Juni 1957 idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza kusikika kutoka London. Msikilizaji wa zama hizo alilijua neno mitabendi kama alijuavyo jina lake, na aliposema anaitafuta mita 25, hakuwa akitaja namba ya kubuni: wimbi lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 25 kutoka kilele kimoja hadi cha pili, likitikisika mara milioni 12 kwa sekunde. Mawimbi mafupi ya namna hiyo huweza kuvuka mabara kwa sababu juu yetu, tangu kiasi cha kilomita 60 hata mamia ya kilomita, jua limeichaji hewa nyembamba ikawa tabaka linaloyarudisha mawimbi chini, nayo yakadunda baina ya mbingu na ardhi kama mpira. Jua likizama, sehemu ya chini ya tabaka hilo, ambayo mchana huyameza mawimbi ya masafa ya kati, hutoweka. Ndiyo sababu usiku, baada ya Isha, vituo vya mbali ambavyo mchana kutwa havikuwako huanza kuzungumza katika redio ile ile.

Katika studio nako kulikuwa na chombo kinachostahili heshima yake, nacho ni mashine ya ukanda wa sumaku, iliyoonyeshwa kwanza mjini Berlin mwaka 1935 na kampuni ya AEG. Ukanda huo ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, nayo ni jamaa ya kutu; hata tukisema kwamba sauti za wakubwa wetu wengi ziliandikwa kwa kutu, tutakuwa hatukutia chumvi. Mtangazaji alipotaka kuondoa kikohozi katika hotuba, aliukata ukanda kwa wembe na kuunga ncha mbili kwa gundi, akiisikiliza kazi yake kwa sikio kama seremala apimavyo kwa jicho. Radio Tanzania ya Dar es Salaam ilizirekodi bendi na vikundi vya taarabu kwa mikanda hiyo, na sehemu kubwa ya muziki wa kizazi kizima ikasalimika kwa sababu ilipita katika studio ya redio.

Disemba 1947, katika maabara za Bell nchini Marekani, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley waliivumbua tranzista, kidude kifanyacho kazi ya valvu bila moto, bila kioo na kwa umeme mchache tu. Na mwaka 1954 ikauzwa Marekani redio ya mfukoni ya Regency, yenye tranzista nne. Baada ya hapo redio ikaondoka mezani. Ikapanda baiskeli, ikaning'inia katika tawi la mwembe mkulima akilima, ikaingia mtumbwini na baharia, na mtu aliyeishiwa na mawe ya redio aliyaanika juani yapate uhai wa siku moja zaidi, asikose taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kisha ikaja FM, aliyoibuni Edwin Armstrong mwaka 1933, ambayo hupakia sauti katika wingi wa mitikisiko ya wimbi, wala si katika ukubwa wake. Na kwa kuwa radi huuvuruga ukubwa, FM ikatoka safi, ingawa haivuki mbali kuliko upeo wa mnara wake.

Sasa tumefika mtandaoni. Tarehe 7 Novemba 1994, kituo cha wanafunzi kiitwacho WXYC, huko Chapel Hill, Marekani, kilianza kuyapitisha matangazo yake katika intaneti, nasi tuliobaki tukafuata. Humo sauti hupimwa maelfu ya mara kwa sekunde, aghalabu 44,100, kila kipimo kikawa tarakimu. Kisha programu huondoa yale ambayo sikio lisingeyatambua, kama mnong'ono uliofunikwa na ngoma. Kinachobaki hukatwa vifurushi, na seva huvituma kimoja kimoja mpaka kwenye simu ya msikilizaji, ambayo huviweka akiba kidogo kabla ya kuvicheza, ili kimoja kikichelewa njiani wimbo usikatike. Kwa ufundi huu Mswahili aliyeko Muscat au Minneapolis huisikia redio ya Mombasa kwa usafi ambao masafa mafupi hayakuweza kumpa, na aliyepitwa na kipindi asubuhi hukisikiliza jioni. Ni neema kubwa, na mwenye jamaa ughaibuni hahitaji kuelezwa thamani yake.

Hata hivyo, ile sifa ya mwanzo imegeuka. Mtandaoni hakuna sauti moja kwa wote. Kuna nakala moja kwa kila mtu. Kipindi cha saa moja chenye kilobiti 64 kwa sekunde huchukua kiasi cha megabaiti 29, na wasikilizaji wakiwa laki moja, seva zitabidi zitoe megabaiti 29 mara laki moja, na kila msikilizaji naye alipe bando lake. Hapa kusikiliza kunapunguza. Wakizidi mno wanaoomba kwa mpigo, kama inavyotokea siku ya mafuriko au ya msiba mkubwa, njia huziba, ilhali siku hizo ndizo ambazo mnara ungewahudumia wote bila hata kujua idadi yao.

Fauka ya hayo, akiba ile ya vifurushi ina bei, nayo ni wakati. Matangazo ya mtandaoni aghalabu huchelewa sekunde kumi au ishirini, pengine thelathini na zaidi. Na katika mwezi wa Ramadhani, nyumba yenye redio ya kawaida itafuturu kwa adhana ya Magharibi, ilhali jirani anayesikiliza kituo kile kile kwa simu bado ameshika tende mkononi, akingoja. Mlio wa saa, ambao BBC huutangaza tangu Februari 1924 ili watu warekebishe saa zao, ukipita njia hiyo huwa ni ukumbusho wa sekunde zilizokwisha kupita.

Na liko jambo la tatu, ambalo mimi nalihesabu kuwa zito kuliko yote. Mnara haumjui msikilizaji wake. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, redio ya chama cha FRELIMO ilipotangaza kutoka Dar es Salaam, watu wa Msumbiji waliisikiliza kwa siri usiku, sauti ikiwa chini, na wimbi lililowafikia halikurudi kumwambia mtu limeingia nyumba gani. Seva haina usahaulifu huo: ili ikutumie nakala yako, sharti ijue ikutumie wapi, nayo huweza kuandika anwani ya chombo chako, saa uliyofungua na saa uliyofunga.

Kwa hiyo nasema, wala si kwa kuuchukia mtandao ambao mimi mwenyewe nautumia kila siku, kwamba nchi iangushayo minara yake kwa sababu simu zimeenea itakuwa imebadilisha bahari kwa visima: kisima kina maji matamu, na kila mtu huchota apendapo, lakini huchotwa kwa ndoo na kwa foleni. Tuyashike yote mawili. Mtandao na uwapelekee walio mbali, na uwahifadhie waliopitwa; mnara na ubaki kwa ajili ya wote kwa pamoja, kwa saa moja, bila kuuliza jina la mtu. Yule mvuvi wa Kigoma, akiufunga wavu wake kwa uzi huku redio ikisema ubavuni, hakuomba sauti hiyo wala hakuandikwa mahali kuwa ameipokea. Nayo ilimfikia kabla haijamfikia aliyekaa ukumbini, nzima kama ilivyowafikia wote.