Spea ya Ndege Isiyo na Karatasi ni Chuma Chakavu

Ndege ndogo ikianguka Marekani na bima ikaona kuitengeneza ni ghali kuliko thamani yake, mabaki huuzwa. Mnunuzi huyafungua, kisha mabawa, redio na injini hurudi sokoni kimoja kimoja.

Wateja hawakosekani. Mwaka 1986 Cessna iliacha kuunda ndege za injini moja ya pistoni, ikilalamikia gharama za kesi za fidia. Ilirejea kazini baada ya sheria ya 1994 kuwalinda watengenezaji dhidi ya kesi nyingi zinazohusu ndege zilizopita miaka 18. Ndiyo maana Cessna 172 nyingi zinazoruka leo ni kuukuu, na wenye nazo husaka spea za mitumba.

Sheria haikatazi spea iliyotumika. Inadai historia yake. Marekani hutumika fomu 8130-3 ya mamlaka ya anga, FAA. Ulaya hutumika Fomu 1 ya mamlaka ya huko, EASA. Hizo hueleza kifaa ni kipi, kimefanyiwa nini na nani ametia saini. Saa zake za kazi husomwa katika kumbukumbu za matengenezo. Pasipo karatasi, fundi mwenye leseni atalazimika kuthibitisha mwenyewe kwamba kifaa kinalingana na usanifu ulioidhinishwa. Kwa mlango wa ndege hilo linawezekana. Kwa injini ambayo rafadha yake iligonga ardhi, lazima ifunguliwe, kwani ufa wa ndani hauonekani kwa macho.

Anayejiundia ndege nyumbani ana uhuru zaidi wa kuchagua vifaa, ila haruhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Hata kwa ndege za kiwandani kamba imelegezwa kidogo: mwaka 2016 chama cha wapenzi wa ndege, EAA, kilipata kibali cha kufunga Dynon D10A, skrini isiyo na cheti inayoonyesha mkao wa ndege, katika baadhi ya Cessna na Piper.

Kwa vyuma vinavyoshikilia ndege angani, hakuna mzaha. Mwaka 1989 ndege ya Partnair ya Norway ilianguka baharini karibu na Denmark, watu 55 wakafa; wachunguzi walikuta bolti bandia kwenye mkia. Karatasi nazo hughushiwa. Mwaka 2023 iligundulika kuwa AOG Technics ya Uingereza iliuza spea za injini za ndege kubwa kwa vyeti vya uongo.

Nairobi na Arusha, ambako ndege ndogo hubeba watalii kwenda mbugani, somo ni lilelile. Anayenunua ndege ya mtumba asome vitabu vya matengenezo kabla ya kusifu rangi, kisha aiulize karakana iliyotia saini kama cheti ni chake. Muuzaji akikosa karatasi, bei iwe ya chuma chakavu, na kifaa kisifungwe kwenye ndege mpaka fundi mwenye leseni akithibitishe.